Kadi Niliyoibeba Siku Tisa

Mimi ni mzaliwa wa Lupepo, wilayani Rungwe. Nimekulia kwenye migomba na chai, nikafika kidato cha nne nikaishia hapo, na mwaka 2019 mjomba akanikabidhi pikipiki yake niendeshe kwa hesabu. Kijiwe changu kilikuwa Tukuyu mjini. Pale wakubwa wa kijiwe walinifundisha mambo mawili: kupita kwenye tope bila kuangusha abiria, na kwamba mwanaume ambaye hajawahi kuugua gono bado ni mtoto.

Mwaka uliofuata nikakua, basi. Asubuhi moja nilikojoa nikahisi kama nakojoa pilipili, na kwenye nguo ya ndani palikuwa na usaha. Mwenzangu wa kijiweni alicheka, akanitajia dawa kama anayetaja namba ya simu. Nikaenda duka la dawa, sikuulizwa kitu, nikanunua nusu ya vidonge kwa sababu hesabu ya mjomba ilikuwa haijatimia. Siku ya tatu nilikuwa mkavu. Nikajitangaza mzima.

Ilirudi mara tatu. Kila iliporudi niliwalaumu wasichana wa stendi, wale wanaopanda na kushuka na magari ya Kyela na mpakani Kasumulu. Haikunijia kwamba huenda naipeleka mwenyewe, kisha naenda kuichukua mwenyewe, kama abiria wa kwenda na kurudi.

Maana nilikuwa na mchumba. Tulishaanza kuzungumza habari za kwenda kujitambulisha kwao. Mwanzoni tulitumia kondomu, ingawa kijiweni walinikumbusha kila siku kwamba pipi hailiwi na ganda lake. Baada ya mwezi tukaacha. Tulisema tumeaminiana, nami nikiwa ndiye wa mwisho kustahili kuaminiwa. Yeye hakuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo nilihesabu kuwa hana kitu.

Mara ya nne dawa ilikataa kabisa. Nilivaa koti la mvua, nikapita vituo viwili vya afya, nikaingia cha tatu, ambako hakuna anayemjua mama yangu.

"Ndaga, mwanangu. Kaa," alisema nesi, mama wa makamo. Nikamwambia nina malaria. Akanitazama nilivyokaa upande, akauliza, "Malaria ya wapi?"

Nilicheka, nami sikuwa nimecheka wiki nzima. Nadhani hapo ndipo niliposhindwa kudanganya. Nilimtajia dawa zote. Akaniambia sipro niliyokuwa naitegemea imeshazoewa na vijidudu vya kisonono sehemu nyingi za dunia, na kwamba mimi kwa nusu dozi zangu nilikuwa mmoja wa walimu wao. Akanichoma sindano, akanipa vidonge nikavimeza mbele yake.

Kisha akanipima kaswende na virusi vya UKIMWI. Tulipokuwa tunasubiri majibu alinisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, huko vijijini Mwanza, watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida kabisa, na maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yakapungua kwa karibu asilimia 40. Kidonda au uchafu unaoupuuza, alisema, unafungua mlango kwa kikubwa zaidi. Na mkoa wetu wa Mbeya si mahali pa kuacha milango wazi: utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya kumi wenye miaka 15 na kuendelea anaishi na virusi, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Takwimu hizo za Mbeya nilizisikia baadaye. Siku ile nilikuwa naangalia tu kile kipande cha kipimo juu ya meza.

Majibu yalitoka salama, nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Nikainuka. Akanipa kadi ndogo.

"Hii si yako," alisema.

"Ya nani?"

"Unamjua."

Nilikaa na ile kadi ya kumwita mwenza kituoni kwenye mfuko wa shati siku tisa. Ililowa, ikakauka, ikalowa tena. Sikuogopa kwamba mchumba wangu ataniacha. Niliogopa swali moja tu, na ndilo alilouliza Jumapili ile baada ya ibada, tumesimama kwenye migomba ya kwao.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa anaumwa tumbo la chini. Bibi yake alikuwa anamchemshia mizizi, akiamini ni chango. Kisonono kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya hivyo hivyo huku kikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu. Nilimpeleka kituoni kwa pikipiki. Alikaa nyuma kabisa, ameshika chuma, mgongo wangu hakuugusa njia nzima. Alitibiwa. Alipouliza kama atazaa, nesi hakumdanganya: alisema hilo halionekani kwa macho.

Hatukuoana. Aliolewa Kyela, na mwaka jana nilisikia amejifungua. Nilizima pikipiki kando ya barabara nikakaa pale hadi abiria akaniuliza kama mafuta yameisha.

Leo mimi ni mmoja wa wakubwa wa kijiwe. Kondomu huwa nachukua kituoni, bure, nazigawa kama njugu, na nilizo nazo mwenyewe nazitumia. Vijana wa miaka 16 na 17 wanaodhani lazima waje na mzazi ndipo wapimwe, nawaambia sheria ilibadilishwa mwaka 2019: kuanzia miaka 15 unapima virusi vya UKIMWI kwa ridhaa yako mwenyewe. Dogo akija ananiambia ana malaria huku amekaa upande, namwambia apande, twende. Nauli ya safari hiyo simtozi, wala ya kumpelekea mwenzake kadi.

Nawe unayesoma, kama una kadi mfukoni, ipeleke leo.