Njia ya Masaka na Mtoto Asiyekula Ngano

Basi litokalo Kampala kwenda Masaka huvuka Ikweta pale Kayabwe, kisha husimama Lukaya. Hapo wachuuzi hulizunguka wakiuza gonja, kuku wa kuchoma na chapati. Zamani binti yetu alikimbilia chapati. Tangu daktari agundue kuwa ana maradhi ya siliaki, huchagua gonja. Kwani gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai huufanya mwili wake uudhuru utumbo. Tiba ni kujiepusha nayo maisha yote.

Tulipofika kwa bibi yake, chai ililetwa pamoja na mkate. Mtoto akakataa. Bibi akanyamaza, akidhani amedharauliwa. Tulipomweleza, aliinuka bila neno akaenda shambani. Adhuhuri tuliandaliwa matoke yaliyopikwa katika majani ya mgomba, kwa mchuzi wa karanga. Mtoto aliomba aongezwe. Naye mwaka uliopita hakuweza kumaliza sahani moja.

Ndugu msomaji, ndizi, mihogo, viazi na mchele havina gluteni. Unga wa wimbi nao ni salama, mradi usisagwe katika mashine isagayo ngano. Mgonjwa wako usimsihi aonje kidogo tu. Kidogo hicho humrudisha kitandani.