Tuanzie Ghalani



Juma hili mama mmoja wa jumuiya ndogondogo aliniuliza swali lisilomo katika katekisimu: "Padre, nyumba imejaa vitu hadi hakuna pa kukanyaga. Nianzie wapi kupunguza?" Wenzake walicheka, ila nadhani kila mmoja wao alikuwa akikiona chumba chake mwenyewe.

Sisi wa Nangwa hatujihesabu kuwa matajiri. Hata hivyo, nyumba zetu zina madumu yasiyo na vifuniko, redio iliyonyamaza siku nyingi, simu tatu zilizokufa, kalenda za miaka iliyopita, na viatu vya mtoto ambaye sasa yuko sekondari. Mwenye kidogo hutunza kila kitu, kwa sababu anajua jinsi kilivyopatikana kwa taabu. Silicheki jambo hilo. Washauri wa nchi za mbali wanaowaambia watu watupe kila kisichowafurahisha moyo, sidhani kama wamewahi kutafuta msumari mmoja jioni ya mvua.

Lakini mkulima anaijua kazi hii tayari. Kabla ya kuingiza mahindi mapya, huondoa punje za mwaka jana, hufagia ghala, huchoma takataka na kuanika magunia juani. Anamwogopa dumuzi. Mdudu huyo asili yake ni Amerika ya Kati. Kwetu alionekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la lori, Scania. Hujificha katika mabaki ya nafaka, na hata ndani ya mbao kavu. Basi anayebakiza debe moja la mahindi ya zamani pembeni, eti lisipotee, amemtengenezea makao atakayeyala magunia yote mapya. Ndiyo maana nilimjibu yule mama: anzia ghalani, si chumbani. Huko kitu kilichooza hakina ubishi.

Ukiwa huko, tazama pia chupa na madumu ya dawa za mifugo na za mashamba. Hayo hayatunzwi wala hayagawiwi. Dumu lililowahi kubeba sumu halifai kuwekewa maziwa wala mafuta ya kupikia, hata lioshwe mara ngapi. Litobolewe, ili asije mwingine akaliokota.

Nguo ni habari nyingine. Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Asubuhi ile tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Misaada ililetwa kutoka pande nyingi za nchi: vyakula, magodoro, mablanketi, nguo. Nilijifunza wakati ule kutofautisha shati lililotolewa na shati lililotupwa. La kwanza limefuliwa na vifungo vyake vipo. La pili limetolewa ili mwenyewe apate nafasi kabatini, na aliyepoteza kila kitu hukitambua kitu cha namna hiyo mara tu anapokishika. Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alifundisha kwamba nguo inayokaa sandukuni bila kuvaliwa ni haki ya asiye na nguo. Kama ni haki yake, basi hatumfanyii hisani, nasi hatuna ruhusa ya kumpa taka.

Liko sanduku moja ambalo simshauri mtu aanze nalo, yaani lile la marehemu. Mjane mmoja alinifungulia la kwake nilipokwenda kubariki nyumba. Koti la mumewe lilikuwa juu kabisa, limekunjwa, na mfukoni mna risiti ya mbegu. Ndugu wa mume walitaka nguo zote zigawanywe siku ya kumaliza matanga, naye alilikatalia lile koti. Aliniuliza kama ni dhambi kulihifadhi. Nikamwambia si dhambi. Baada ya miaka miwili alilitoa mwenyewe, akampa kijana anayechunga ng'ombe wa jirani. Hakuna aliyemhimiza. Ilikuwa mwezi wa Juni, na mnajua baridi ya huku. Alimwona kijana anatetemeka.

Swali linaloletwa kwangu mara nyingi kuliko yote ni la rozari zilizokatika, sanamu zilizovunjika na picha takatifu zilizoliwa na mchwa. Watu huogopa kuvitupa, nao wana haki ya kuogopa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inadai vitu vilivyobarikiwa vitendewe kwa heshima. Lakini heshima si kuvirundika chini ya kitanda. Desturi ni kuvichoma vinavyoungua na kuvifukia ardhini visivyoungua, mahali pasipokanyagwa. Mnaweza kufanya hivyo nyumbani, pamoja na watoto, kwa sala fupi.

Matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka jana myalete kanisani mapema. Yatachomwa kupata majivu ya Jumatano ya Majivu. Nguo zitapokelewa ofisini siku za kazi, zikiwa zimefuliwa, na vifungo vyake vyote.