Mizani Niliyoisikia Ngome Kongwe

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha ushairi kwa vidole. Mwanafunzi alisoma mshororo, nami nikagonga meza: nane za ukwapi, nane za utao. Zikitimia 16, alipata tiki. Zikipungua, alipata wino mwekundu. Ndivyo nilivyofunzwa katika chuo cha ualimu, tukiwa na kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954. Mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa ulikuwa bado wa moto wakati huo. Kezilahabi alikuwa amekwisha kutoa *Kichomi* mwaka 1974, na sisi tuliojiona walinzi wa jadi tulizishika sheria kama mlinzi anavyoshika rungu.

Katika miaka ya tisini nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, binti aliyetoka Unguja kuja kusoma bara. Nilikuwa nimeagiza darasa litunge shairi la beti tatu. Lake lilihusu mama anayengoja jahazi. Vina vilikaa sawa, ila katika kila ubeti mshororo mmoja ulipungua mizani mbili. Nikaandika chini yake, “Si shairi,” nikampa sifuri.

Alinifuata katika ofisi ya walimu. “Shikamoo, mwalimu. Ukiuimba unatimia.” Nikamwambia kwamba mtihani wa taifa hauimbwi. Wenzangu waliokuwa wakisahihisha madaftari wakacheka, nami nikacheka nao. Yule binti alilichukua daftari lake kwa mikono miwili, akatoka. Aliendelea kufaulu sarufi na insha, lakini katika kipindi cha ushairi hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza shule.

Sikulifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Aliyenikumbusha ni Bi Kidude.

Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, nalo hufanyika Unguja mwezi wa Februari. Katika miaka yake ya mwanzo nilipata ruhusa ya siku tatu, nikapanda boti Dar es Salaam, nikavuka. Nilikwenda kama mwalimu. Nilikuwa nikisomesha *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, nikaona si vibaya nirudi na mawili matatu ya kuwasimulia wanafunzi.

Jukwaa lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Kuta zake ni nene, na katikati ni uwanja ulio wazi kwa mbingu. Nje yake ni Forodhani, na upepo ukigeuka, moshi wa mishikaki na pweza wa kuchoma huingia ndani bila tikiti. Watu walikuwa wa kila namna. Wageni walikaa chini majanini, vijana walisimama karibu na jukwaa, na akina mama wa mjini walikuja na kanga zao na watoto waliokwisha kulala mabegani. Nilipata nafasi karibu na ukuta, ambao jiwe lake lilikuwa bado na joto la mchana.

Vikundi vilipokezana. Kisha wanamuziki wa taarabu wakaketi na fidla, kanuni, udi na akodioni, na bibi mmoja mwembamba akapandishwa jukwaani akishikwa mkono. Uwanja mzima ulipiga kelele. Huyo ndiye Fatuma binti Baraka, ambaye sote tulimjua kwa jina la Bi Kidude. Umri wake haukujulikana kwa hakika. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Nyimbo za Siti alikuwa amezipata kwa kumsikiliza Siti mwenyewe, na ngoma ya unyago ilikuwa mikononi mwake tangu ujana.

Alianza kuimba, nami, kwa mazoea, nikaanza kuhesabu vidole vyangu juu ya goti. Ulikuwa wimbo wa zama zile, wa mishororo mifupi. Wa kwanza ulitimia. Wa pili ulitimia. Wa tatu ukapungua mbili. Nikarudia hesabu kiitikio kilipopita: zikapungua mbili zilezile. Lakini sikio langu halikusikia pengo lolote. Bi Kidude aliishika silabi moja kwa sauti ile yake ya mikwaruzo, akaivuta, akaipandisha, akaivunja katikati kama mtu anayeshusha pumzi, kisha akaiachia hasa pale ngoma ilipokuwa ikimngoja. Mshororo ulikuwa umejaa. Ulijaa kuliko mishororo yote niliyowahi kuipigia tiki.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, amejifunga ushungi. Alivitazama vidole vyangu.

“Unahisabu nini, mwanangu?”

“Mizani, mama.”

“Mizani ya dukani hiyo,” alisema bila kugeuka. “Hapa sikiliza tu.”

Kisha akainuka, akachomoa noti kwenye pindo la kanga, akaenda kumtunza Bi Kidude huku akicheza mabega taratibu. Mimi nilibaki pale ukutani na vidole vyangu. Nilichokiona mbele yangu ni daftari lililoshikwa kwa mikono miwili.

Kosa langu sikuweza kulitupia sheria. Niliporudi nyumbani nilikifungua tena kitabu changu cha chuoni, na jambo lilikuwa limo humo miaka yote: Sheikh Amri Abedi analiita shairi wimbo, na lisiloimbika kwake halina maana. Nilikuwa nimeisomesha fasili hiyo mara nyingi, na wanafunzi wangu waliikariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna siku hata moja niliyowaambia, “Haya, liimbeni.” Nilizishika hesabu, nikaiacha sauti ambayo hesabu hizo zilitungwa ziitumikie. Binti wa miaka 16 aliielewa fasili ile kuliko mwalimu aliyemsomesha.

Sisemi kwamba mizani hazina kazi. Mtunzi asiyeweza kuzitimiza hana haki ya kujidai kuwa amezivunja kwa makusudi, na wengi wanaojificha nyuma ya uhuru huo hawajui wanachokiacha. Ninachosema ni kwamba vidole vingoje zamu yao. Tangu muhula ule mpaka nilipostaafu, hakuna shairi lililosahihishwa darasani kwangu kabla ya kuimbwa na aliyelitunga. Wavulana waliona haya, walimu wa jirani walilalamika kelele, na mara nyingi ilidhihirika kuwa mshororo uliopungua ulikuwa umepungua kweli. Lakini sikuandika tena “Si shairi” chini ya kazi ya mtoto niliyekuwa sijamsikia.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Yule binti sikumpata tena. Niliwauliza wenzake wa darasa kila nilipokutana nao, na kila mmoja alinipa habari tofauti. Leo atakuwa mama mtu mzima, na huenda amelisahau jambo lenyewe. Mimi sikulisahau, na deni la alama bado liko kwangu. Namlipa kwa ubeti huu:

Mwalimu nilihesabu, sikio nikaliziba,
Nikakunyima jawabu, kwa wino nikakukaba,
Leo natubu, natubu, uimbe nipate tiba,
Hukukosa taratibu, ubeti wako washiba.

Mizani zake nimezihesabu, maana mazoea yana tabu. Lakini safari hii nilianza kwa kuuimba.