Kazi Isiyo na Mshahara

Mtu akihamishiwa Isiolo kwa kazi ya serikali, jambo la kwanza aambiwalo na wenziwe ni habari ya jua, na la pili ni habari ya vumbi. La tatu hakuna amwambiaye, nalo ndilo zito kupita yote mawili, yaani habari ya jioni. Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Jua huchwa yapata saa kumi na mbili u nusu, mwaka mzima, kwa kuwa mji uko kaskazini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Na tangu hapo mpaka wakati wa kulala zimebaki saa tatu au nne ambazo hazina mwenyewe. Aliye na mke na watoto karibu hazioni zikipita. Aliyewaacha mbali huzihesabu moja moja.

Karani mmoja aliyehamishwa kutoka Nyeri, kwenye baridi na migomba, alizihesabu kwa muda wa miezi miwili. Wenziwe walikuwa na dawa zao. Wengine walitafuna miraa, ambayo hushuka kila siku kutoka vilima vya Nyambene ikiwa bado mbichi. Wengine walikaa kimya, kila mmoja ameinamia simu yake kama mtu asomaye barua ya msiba. Yeye alijaribu dawa zote mbili, asipone. Mwezi wa tatu alifungua sanduku lake la bati akatoa kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1951. Alikwisha kukisoma zamani katika shule ya misioni kwa ajili ya mtihani, na kama ilivyo kwa vitabu vya mtihani, alikuwa amekariri majina na kuisahau hadithi. Safari hii hapakuwa na mtihani. Alisoma polepole habari za nchi ielekeayo kuwa angani bila nguzo, na za Karama, aliyeshtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Akaona kwamba mambo aliyoyapita mbio akiwa kijana yalikuwa yakimngoja palepale alipoyaacha. Tena kilichomshika zaidi ni jambo lisilokuwamo kitabuni, kwamba mtunzi mwenyewe alikuwa karani. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliingia katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akakaa humo mpaka mwaka 1944, kisha akatumikia idara ya mifugo, na baadaye ofisi za serikali huko Tanga. Mchana kalamu yake ilikuwa ya idara. Nchi ya Kusadikika ilipatikana katika saa zile zile ambazo karani wa Isiolo alikuwa akizihesabu.

Jioni moja jirani alipita akamkuta barazani na kitabu chake.

"Bwana Karani, unasomea mtihani gani?"

"Sisomei mtihani."

"Basi wataka kupandishwa cheo."

"La, nasoma tu."

Jirani alinyamaza kidogo, kama mtu aliyepewa habari za ugonjwa, kisha akaaga kwa adabu.

Haifai kumlaumu jirani huyo. Tangu vitabu vilipoanza kupelekwa mbali na miji mikubwa, vimepelekwa kwa maneno ya namna hiyo. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948 lilikuwa likituma masanduku ya vitabu kwenye wilaya zisizokuwa na maktaba, na shirika la maktaba la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, na halafu Wajir. Ngamia mmoja huchukua masanduku ya vitabu, mwingine hema, na watoto wa wafugaji huketi juu ya mikeka kivulini wakasoma. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini daima kitabu kimesifiwa kuwa ni ngazi ya kumfikisha mtu juu, na kweli ni ngazi. Walakini hakuna mtu akaaye juu ya ngazi maisha yake yote. Akisha kufika darini, akapata cheti na kazi, ngazi huegemezwa ukutani, na akionekana ameishika tena watu humwuliza anapanda kwenda wapi.

Baada ya kitabu ulifuata mkate. Karani alikuwa ameuchoka mkate wa dukani, akakumbuka harufu ya jiko la shuleni asubuhi za Jumapili. Hakuwa na tanuri. Alikuwa na jiko la makaa, sufuria mbili, moja kubwa na moja ndogo, na mchanga, ambao Isiolo hauuzwi. Aliweka mchanga katika sufuria kubwa, akaipachika ndogo ndani yake, akafunika na kutia makaa juu ya kifuniko. Mkate wa kwanza ulitoka mweusi chini na mbichi juu. Wa pili vivyo hivyo. Mama mmoja wa Kisomali, aliyeuza chai na mahamri karibu na kituo cha mabasi, aliusikia msiba huo akacheka sana, kisha akamwambia, "Mwanangu, moto wa chini ni wa kuamsha tu. Wa juu ndio upikao." Tangu siku hiyo makaa machache yalikaa chini na mengi juu, na mkate ukaiva.

Mama huyo alikuwa na haki ya kufundisha. Kwao Wasomali kuna mkate uitwao muufo, ubandikwao katika kuta za ndani za tanuri ya udongo. Na watu wa Pwani nao wana mkate wa mofa, uokwao katika tanuri ya namna hiyo hiyo. Sikio lolote litatambua kwamba jina ni moja. Karani wa kutoka Nyeri, ambaye kwao chakula huchemshwa au huchomwa, alikuwa ameingia katika ufundi uliotembea pwani yote kabla babu zake hawajaona unga wa ngano.

Kadhalika aligundua kwamba nchi aliyoilaumu kwa joto ilikuwa ikimsaidia. Hamira ni kitu chenye uhai: maji baridi huilaza, maji ya moto sana huiua, na maji vuguvugu huiamsha. Nyeri donge la unga lingetaka kufunikwa blanketi na kuwekwa karibu na moto. Isiolo huliacha mtu juu ya meza likaumuka lenyewe. Naye, kwa kuwa hakupenda kutazama saa, alipima kwa kitabu: kurasa ishirini za kuumuka, na kurasa kumi na mbili za kuoka. Akikutana na sura ngumu mkate uliiva kupita kiasi, na akikutana na hadithi nyepesi ulitoka mweupe.

Watu walicheka. Mwanamume mzima, tena karani, mikono imejaa unga! Hapo pana jambo la kustaajabisha kidogo. Katika nyumba za Wazungu, zamani za ukoloni, wapishi walikuwa wanaume karibu wote, na waliooka mikate ya maafisa wa boma walikuwa wanaume. Katika kambi za askari mpaka leo wanaume hupika. Hakuna aliyewacheka, kwa sababu mwisho wa mwezi walipokea mshahara. Basi unga haukuwa aibu. Aibu ilikuwa kuukanda bure.

Halafu, kama ilivyo desturi ya watu, waliocheka walionja, na walioonja walisema, "Uza." Shauri hilo lilikuwa na akili, maana karani naye ana karo ya kulipa, naye akalifuata. Kwa muda wa mwezi mmoja aliuza mikate minne kila jioni. Fedha ilipatikana, si nyingi, lakini ilipatikana. Ila mteja mmoja alitaka mkate kabla ya magharibi, mwingine akalalamika kwamba wa jana ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, wa tatu akakopa. Kitabu kilibaki kimefunikwa juu ya dirisha, kikashika vumbi. Mwisho wa mwezi ule alihesabu faida yake, akaona kwamba ameajiriwa mara mbili, akaacha. Wako waliomwona mpumbavu. Pengine mtu mwenye dhiki kubwa zaidi yake hangeweza kuacha, na hilo yeye mwenyewe alikiri.

Likizo ya Agosti mwanawe, mtoto wa miaka kumi, aliletwa kukaa naye. Mtoto alipendezwa na Isiolo tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya ngamia. Siku ya tatu baba alifungua daftari la hesabu akakuta kurasa za nyuma zimejaa ngamia: waliopiga magoti, waliosimama, mmoja ametazama nyuma kwa dharau ile ijulikanayo. Hesabu zilikuwa chache. Baba akasema, "Na hii itakupa nini?"

Mtoto hakujibu. Alifunga daftari, akakaa. Jioni ile hakuchora, wala jioni ya pili. Alifanya hesabu zake zote, zikawa sahihi, akaziweka mbele ya baba yake bila neno. Na baba, akikanda unga, alisikia yale maneno yakirudi masikioni mwake, ila sauti ilikuwa ya yule jirani wa barazani.

Mtu mzima hana njia rahisi ya kurudisha neno kwa mtoto. Karani alianza kwa mbali. Alimweleza mwanawe habari za Joy Adamson, ambaye mumewe, George, alikuwa bwana nyama akikaa papo hapo Isiolo. Watu wengi humjua bibi huyo kwa ajili ya Elsa, simba jike aliyelelewa hapo tangu mwaka 1956, na kwa kitabu cha habari zake kilichotoka mwaka 1960. Lakini kabla ya simba kulikuwa na rangi. Alizaliwa mwaka 1910 katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa ya Austria, akafika Kenya mwaka 1937, akaanza kuchora maua ya porini kwa kuyapenda tu. Mwaka 1947 michoro yake ya maua ilipewa nishani huko London, na baadaye serikali ikamwagiza achore picha za watu wa makabila ya Kenya pamoja na mavazi na mapambo yao; akachora mamia. Mwaka 1980 aliuawa huko Shaba, katika wilaya hiyo hiyo ya Isiolo. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Naye aliulizwa itampa nini?" Baba hakuwa na jibu, akaenda kutazama makaa.

Kesho yake alinunua karatasi nyeupe na penseli mbili. Alizinunua dukani kwa fedha yake; karatasi ya ofisini aliiona, akaiacha. Kisha akamchukua mtoto kwenda kwa mama mmoja wa Kiborana, jirani wa nyuma ya ua, ambaye walikuwa wamempelekea mkate siku mbili zilizopita. Mama huyo alikuwa ameketi mlangoni akifuma chicho, chombo cha maziwa. Wanawake wa Kiborana hukifuma kwa nyuzi za mizizi, mzunguko juu ya mzunguko, kwa kubana sana hata kisivujishe. Tena hukifukiza kwa moshi wa miti yenye harufu nzuri, ambao husafisha chombo na kuyatia maziwa ladha yake. Kibuyu cha plastiki hununuliwa sokoni kwa shilingi chache na huchukua maziwa vilevile. Mama alikuwa navyo viwili vya plastiki, vimetupwa kando ya mlango. Chombo alichokuwa akifuma kilikuwa cha binti yake aliyekaribia kuolewa, na katika kifuniko alikuwa ameanza kushona kauri, ambazo hazizuii maziwa kumwagika wala haziyafanyi kuwa matamu.

Karani alitaka kumwuliza ni siku ngapi amekifuma, lakini aliona kwamba swali hilo nalo lina unasaba na yale mengine, akanyamaza. Mtoto alikwisha kuketi chini, karatasi juu ya magoti, akachora.

Jioni, mama alikuja kurudisha sahani ya mkate. Haikuwa tupu; juu yake palikuwa na kikombe cha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Alionyeshwa picha. Aliitazama muda mrefu, akacheka, akaweka kidole juu ya karatasi: ukanda wa ngozi ulichorwa upande usio wake, na chombo cha namna hiyo kikitundikwa kingepinduka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akaonyesha kwa mikono jinsi ukanda unavyopita chini na kupanda. Mtoto alifuta, akaanza upya, mama akaketi karibu yake kumsimamia, na karani akasimama nyuma yao akitazama.

Mkate wa jioni hiyo uliungua, kwa kuwa hapakuwa na aliyehesabu kurasa.