Likasi, Walipozingirwa Waairishi

Barabara itokayo Lubumbashi kwenda Likasi ina kilomita kama 120, na mchana kutwa utadhani ni kipande cha Tunduma kilichohamia Congo. Malori yenye namba za T yanapishana na ya Zambia na Afrika Kusini. Yanayopanda yamebeba salfa na asidi ya viwandani, yanayoshuka yamebeba shaba. Dereva aliyenipa lifti, kijana wa Mbeya, hakuelewa kwa nini nataka kushuka njiani.

"Likasi pale tunapita tu, kaka. Watu wanalala Kolwezi. Una ndugu pale?"

Nikamwambia nafuata habari za askari wa Ireland. Akacheka, akaongeza sauti ya redio.

Kabla ya kufika Likasi unapita Shilatembo, alikouawa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Hatukusimama, lori lenye mzigo halisimami hovyo. Lakini mahali hapo ndipo pa kuanzia, maana siku Lumumba alipouawa, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa Congo tayari kwa nusu mwaka, wakiwa na bunduki na bila ruhusa ya maana ya kuzitumia. Ruhusa ya kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ilitoka New York mwezi mmoja baadaye.

Waairishi walikuwa miongoni mwao. Nchi yao wakati ule haikufikisha watu milioni tatu, na ilikuwa imeingia Umoja wa Mataifa mwaka 1955. Haikuwahi kuwa na koloni. Yenyewe ndiyo iliyotawaliwa na Waingereza. Kwa hiyo ilipotafutwa nchi ya Ulaya ambayo Mwafrika angeweza kuipokea bila kinyongo, Ireland ilifaa. Julai 1960 ikapeleka vijana wake wakiwa wamevaa magwanda ya sufu nzito, kana kwamba Congo nako kuna theluji. Wengi wao hawakuwahi kutoka nje ya kisiwa chao. Kufikia 1964 walikuwa wamepita huku askari kama 6,000, na 26 walipoteza maisha.

Tisa kati ya hao 26 walikufa kutokana na shambulio moja, la tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini mwa Katanga. Doria ya watu 11 ilikuta daraja limebomolewa, ikashuka kwenye magari, ikashambuliwa kwa mishale na watu wa kabila la Baluba. Baluba wale walikuwa wakisakwa na jeshi la Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Congo, na mamluki wake Wazungu, vijiji vyao vikichomwa moto. Mzungu mwenye bunduki akitokea barabarani, nani angemuuliza ametumwa na nani? Miili ilipofika Dublin, umati ulijaa barabarani kuisindikiza. Baluba waliokufa vijijini mwao miezi ile hakuna aliyewaorodhesha.

Tulivuka mto Lufira juu ya daraja, mimi nikiwa nimetoa kichwa dirishani kama mtoto. Maji ya rangi ya chai, wanawake wanafua, gari la polisi limeegeshwa kivulini. Hapa, Septemba 1961, vikosi vya Umoja wa Mataifa vilivyotoka Lubumbashi kuwaokoa wenzao vilijaribu kuvuka mara mbili vikashindwa. Ng'ambo ya mto, kombania moja ya Waairishi, watu wasiozidi 160 chini ya Pat Quinlan, ilikuwa inapigana peke yake.

Dereva alinishusha pembezoni mwa mji. Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ni mji wa vilima, na udongo wake ni mwekundu. Nyumba za enzi ya Wabelgiji bado zina baraza pana, ingawa rangi imebanduka na nyaya za umeme zimening'inia ovyo. Bomba la kiwanda linaonekana karibu kila unakogeuka. Vijana wamepanga magunia ya makaa kando ya lami, na pikipiki haziishi.

Kombania ile ilikuwa imeletwa eti kuwalinda Wazungu wa mji, ambao wala hawakuitaka. Walimpenda Tshombe. Quinlan aliona mapema kwamba ametiwa mtegoni, akawaamuru vijana wake wachimbe mahandaki. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, Umoja wa Mataifa ulianzisha operesheni Lubumbashi ya kukomesha kujitenga kwa Katanga. Asubuhi hiyohiyo Likasi ikalipuka. Waairishi wengi walikuwa kwenye misa ya uwanjani; kilichowaokoa ni wale waliobaki kwenye zamu na kuwahi kufyatua risasi. Wakashikilia mahandaki yao siku tano, huku ndege ya kivita ya Katanga ikiwadondoshea mabomu. Helikopta moja ilifaulu kuwaletea maji, lakini yalikuwa yamebebwa kwenye madebe yaliyokuwa na petroli, hayanyweki. Tarehe 17, risasi na maji vikiwa vimekwisha, wakajisalimisha. Majeruhi watano, aliyekufa hakuna. Usiku uleule ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola, na dunia ikasahau habari za Likasi.

Niliuliza kwenye kibanda cha kadi za simu, niliuliza kwa mafundi wa pikipiki. Waairishi? Hawakuwajua. Mmoja alidhani nawatafuta wanunuzi wapya wa kobalti. Hatimaye fundi mmoja akanipeleka kwa jirani yake, mama wa miaka zaidi ya 70, aliyekuwa anachambua sombe kwenye sinia. Nilimwamkia, akanionesha kiti cha plastiki, akaendelea na kazi.

"Bazungu ya ONU? Eh, bale nabakumbuka kidogo. Nilikuwa mutoto. Ndeke ilikuwa inapita chini-chini, mama yangu anatuingiza chini ya kitanda. Kaka ya mama alikuwa jandarmu ya Tshombe. Alitoka ile siku, hakurudia."

Nikamuuliza kama walizika.

"Tungezika nini?"

Akageuza sinia, akaanza kuchambua upande wa pili. Nilitamani kuendelea kuuliza, lakini adabu ilinizuia.

Huko Ireland nako askari wale hawakupokelewa vizuri. Walishikwa mateka hadi Oktoba, na waliporudi nyumbani walionekana kama doa kwa sababu walijisalimisha. Nishani ambazo Quinlan aliwapendekezea vijana wake zilikataliwa, naye akafa mwaka 1997 bila kusafishwa jina. Mkongwe mmoja wa vita vile, John Gorman, ndiye aliyesumbua wakubwa miaka na miaka. Mwaka 2005 kukawa na jiwe la ukumbusho katika kambi yao ya Athlone, 2016 ikaja filamu na heshima rasmi kwa kombania nzima, na 2017 medali. Imechukua zaidi ya nusu karne, lakini wameheshimiwa. Kwa upande wangu naona walistahili mapema zaidi. Kosa lilikuwa la waliowapeleka 160 mahali pa kupeleka elfu, kisha wakawasha moto Lubumbashi bila kuwafikiria.

Ila idadi ya waliouawa upande wa Katanga hutajwa kwa kukisia tu, watu kama 300. Jina la kila Mwairishi aliyekuwa Likasi linajulikana. Kwa upande wa pili tunapewa hesabu ya jumla. Na hili linatuhusu hata sisi tusio Wakongomani. Jeshi letu la Tanzania limezika vijana wake waliokufa Kivu, hasa baada ya shambulio la Semuliki la Desemba 2017, na tunawakumbuka kwa haki. Je, tunajua chochote kuhusu wanakijiji waliokuwa wanaishi jirani na kambi yao?

Kazi ya kukusanya majina na habari za upande ule wa pili inawezekana. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekusanya kwa miaka mingi masimulizi ya wafanyakazi wa migodi na familia zao, njia wanaijua. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 1961 sasa amevuka 70. Wanafunzi wa historia wapande basi waje Likasi na vinasa sauti, tena wasichelewe.