Wizi au ubunifu? Baba, kijana na albamu ya mwaka 1994

Ugomvi katika nyumba moja ya Mbagala Rangi Tatu haukuanza na ada wala simu. Ulianza na sekunde saba za taarabu ya zamani.

Kijana wa nyumba hiyo ana miaka 19 na anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Kwa kompyuta ya rafiki yake alitengeneza biti: alichukua kipande cha fidla kutoka kwenye kanda ya baba yake, akakipunguza kasi, akakizungusha, kisha akaweka ngoma nzito chini yake. Baba yake, fundi redio wa Tandika, alikitambua kipande hicho kabla hata ngoma hazijaingia. "Hii umeiba," alisema. "Ni jasho la mtu."

Kijana alijibu kwa adabu, ila alijibu. "Baba, naomba usikilize albamu moja, halafu uhukumu."

Albamu yenyewe ilikuwa Dummy ya kundi la Portishead, kutoka Bristol, Uingereza. Ilitoka mwaka 1994 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Mercury. Muziki wake huitwa trip-hop: ngoma za hip hop zilizopunguzwa mwendo, besi nzito, na juu yake sauti ya Beth Gibbons, anayeimba kama mtu anayeongea peke yake jikoni usiku wa manane. Kwa masikio ya Mbagala ni jambo geni. Singeli inayopita na bajaji pale nje huenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Hawa hawana haraka hata ya kufika kwenye kiitikio.

Walisikiliza Jumapili mchana kwa spika aliyoiunda baba mwenyewe. Kitu cha kwanza alichokisikia ni mikwaruzo. "Santuri hii imechakaa," alisema. Kijana akacheka, kwa sababu mikwaruzo ile ni ya kusudi. Geoff Barrow na Adrian Utley walipiga na kurekodi vipande vyao wenyewe, wakavitia kwenye santuri, wakazichakaza santuri hizo, ndipo wakachukua sauti kutoka humo kana kwamba wameziokota kwenye vitu vya zamani. Mzee aliomba arudishiwe nyuma mara mbili. Ametumia maisha yake kuondoa mikwaruzo kwenye redio za watu, na sasa anaambiwa kuna watu walihangaika kuitengeneza.

Wimbo wa mwisho, Glory Box, ndio uliokuwa kesi yenyewe. Muziki wake umejengwa juu ya kipande cha Ike's Rap II cha Isaac Hayes, Mmarekani, cha mwaka 1971. Kijana alimpigia ule wa Hayes. Kisha akampigia Hell Is Round the Corner wa Tricky, naye wa Bristol, uliomo kwenye albamu yake ya mwaka 1995 aliyoipa jina la marehemu mama yake, Maxinquaye. Kipande ni kilekile. Kwa Hayes mwanaume anaongea, anambembeleza mwanamke. Kwa Portishead mwanamke ndiye anayetoa madai yake. Kwa Tricky ni minong'ono ya mtu asiyeamini hata kivuli chake.

"Msingi mmoja, nyumba tatu," alikiri baba. Lakini hakukubali yote. Kwake nyimbo za katikati za Dummy zinafanana mno, na huo wa mwisho, pamoja na umaarufu wake, umeegemea sana mgongo wa Hayes. Ubunifu aliuona zaidi kule walikotengeneza santuri zao wenyewe. Ni hukumu ya haki, ingawa inaipunja sauti ya Gibbons, ambayo haikukopwa popote.

Mama, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akichambua mchele huku anasikiliza. Akauliza kama fidla ya taarabu ilizaliwa Mbagala. Mafundi wa Zanzibar waliifuata Misri, alisema, na hakuna aliyewaita wezi. Kijana akaongeza la Saleh Jabir, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alighani Kiswahili juu ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, wimbo ambao nao besi yake ilitoka kwa Queen na David Bowie.

Hapo baba akatoa hoja ambayo hawakuwa na jibu lake. Isaac Hayes ametajwa miongoni mwa watunzi wa Glory Box. "Kwenye biti yako, jina la mwenyewe liko wapi?" Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuchelewesha fidla hakubadilishi hilo. Anayetaka kuitumia aombe ruhusa kwa wenyewe, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuanzia kuulizia.

Wakaileta kanda ili wasome jina. Haikuwa na jina. Juu yake palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, "Taarabu Na. 4", kwa mwandiko wa baba. Miaka ya 1990 alikuwa akiwanakilia wateja kanda kwa malipo, na hii ni moja ya nakala hizo. Mama alirudi kwenye mchele wake bila kusema neno.

Jioni ndiyo alimuuliza mwanawe lililokuwa likimsumbua: mbona siku hizi anapenda nyimbo za huzuni? Kijana alisema anaogopa matokeo. Wimbo wa huzuni si ugonjwa. La kuangalia ni usingizi, chakula na marafiki. Mtoto akiviacha kwa wiki mbili au zaidi, apelekwe kwa mtaalamu. Huyu anakula na rafiki zake wanakuja. Ila lile la matokeo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Biti bado iko kwenye simu, haijatolewa. Baba amekwishapita kwa wazee wawili wa Tandika waliokuwa wakiuza kanda, mmoja akadhani anaijua sauti ile. Na amemwomba kijana apunguze ngoma kidogo, zinaifunika fidla.