TV Mpya, Amplifaya ya Baba

Haya ni hasa kwenu nyinyi mabibi harusi mnaopanga vyombo vya nyumba mpya. Leo siongelei shela wala dera. Naongelea sauti ya TV, maana iliwahi kumtoa mama yangu sebuleni.

Baba, Allah amrehemu, alituachia amplifaya na spika mbili kubwa za mbao. Tuliponunua TV bapa, picha ilikuwa safi lakini sauti nyembamba. Spika za TV hizi ni ndogo, na nyingi zinaelekea chini au nyuma. Masikio ya mama yamepungua. Ramadhani ikaingia, tarawehe za Makka zinaonyeshwa, yeye hasikii vizuri. Hakulalamika. Alianza tu kuaga mapema: "Nyinyi angalieni, mie najipumzisha." Wenye wazazi watu wazima mnajua uzito wa maneno hayo.

Kaka yangu akasema amplifaya iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa TV haina yale matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Duka moja hapa Kariakoo nikaambiwa, "Dada, hiyo imepitwa na wakati, chukua sabufa." Bei yake ingemeza mtaji wangu wa vitambaa wa mwezi mzima. Nikaenda kwa fundi mmoja wa redio, mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Amplifaya inawaka?"

"Inawaka, ila haielewani na TV."

"Basi haijafa. Itafutie mkalimani."

Nilimwelewa haraka, maana sisi wa Dar tulishapita huko. Mitambo ya analojia ya TV ilipozimwa hapa jijini tarehe 31 Desemba 2012, TV za zamani hazikulazimika kutupwa. Zilifungiwa king'amuzi, kinachopokea mawimbi ya dijitali na kuipa TV kile inachokielewa. Kwenye sauti ni vivyo hivyo. TV mpya inatoa sauti kwa tarakimu, wakati amplifaya ya zamani inasubiri umeme unaopanda na kushuka kufuata sauti yenyewe. Katikati panatakiwa kisanduku kidogo cha kubadilisha.

Kabla hujatoa pesa, geuza TV uangalie nyuma.

Ukiona tundu dogo la kuchomeka hedifoni, huhitaji kisanduku. Nunua waya wenye pini ya hedifoni upande mmoja, na pini nyekundu na nyeupe upande wa pili.

Kama halipo, tafuta tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL. Hapo sauti inapita kwa mwanga, na mara nyingi TV ikiwaka utaona wekundu ndani. Baadhi ya TV zina tundu la duara la COAXIAL. Pini ya amplifaya inaingia humo, lakini kinachopita bado ni dijitali, kwa hiyo nalo linahitaji kisanduku.

Dukani sema unataka cha kutoa dijitali kwenda analojia. Vipo vya kinyume chake na vinafanana sana. Waya wa OPTICAL uvue vifuniko vya plastiki kwenye ncha, na usiukunje kama kitambaa. Kisanduku kipate umeme, vingi vinatumia chaja kama ya simu. Kutoka hapo pini nyekundu na nyeupe ziende AUX au CD kwenye amplifaya. Usichomeke PHONO, hilo ni la santuri na sauti itapasuka.

Ukisikia kimya au mikwaruzo, usikimbilie kurudisha mzigo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, tafuta sauti ya dijitali, chagua PCM. Visanduku vingi vya bei nafuu vinaelewa hiyo tu.

Changu, pamoja na nyaya zake, kilinigharimu chini ya ushonaji wa gauni moja la nikahi. Usiku ule mama alikaa mpaka witri. Kesho yake ndiye aliyeuliza rimoti iko wapi.

Dada zangu, wateja wangu wengi wanaingia kwenye ndoa na madeni ya vikoba kwa ajili ya vitu vya sebuleni. Israfu haiko kwenye chakula peke yake. Ukiingia kwa mumeo ukakuta redio ya mkweo imefunikwa kitambaa pembeni, uliza kwanza kama inawaka. Piga picha nyuma yake na nyuma ya TV, nenda nazo kwa fundi, muuzaji asikupangie. Huenda kwa waya mmoja ukamrudisha mtu mzima kukaa na nyinyi, na dua yake hainunuliki dukani.

Allah azitie baraka nyumba zenu. Amin.